Mzee Makokha Alikuwa wa Kanisa Gani

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko. Mkiona herufi zimelala upande mmoja kama miwa iliyopitiwa na mvua ya mawe, msidhani nimekunywa kitu. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umeshika ufagio kuliko kalamu. Naandika polepole. Neno nikilitilia shaka nalizunguka, natafuta jingine ambalo tunaelewana nalo. Makosa mtakayoyaona ni yale yaliyonikimbia.

Jambo la pili ni kwamba nimestaafu. Watu hucheka wakisikia, maana sina mvi hata moja, na mama yangu kule Likuyani bado ananiuliza nitaoa lini. Lakini kazi niliyoianza nilipotoka shule haipo tena, na mtu ambaye kazi yake imetangulia kufa sijui aitwe nani kama si mstaafu. Kwa hiyo nawaandikia ninyi vijana mnaoanza sasa kufagia na kupanga viti katika nyumba za ibada hapa Kakamega. Mko wengi. Mitaa mingine ina makanisa kuliko vinyozi, na kila kanisa lina kijana mmoja anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, ambaye siku akikumbukwa kwenye matangazo huitwa "wale waliotuandalia mahali".

Mimi nilikuwa wale, kijana peke yangu, katika Jumba la Ndugu.

Jumba hilo liko mtaani kwetu, ukiacha barabara ya Mumias na kushuka kidogo. Lilijengwa na wazungu waliokuja kutafuta dhahabu enzi za babu zetu. Walikuwa na chama chao cha udugu, cha wanaume watupu, na juu ya mlango walichonga mikono miwili iliyoshikana. Udugu wao ulikuwa mkubwa hata hakuna Mwafrika aliyeruhusiwa kuingia, isipokuwa wa kufagia. Dhahabu ilipopungua udugu nao ukapungua, wakaenda zao, jumba likabaki na mikono yake mlangoni. Baada ya miaka mingi likaangukia kamati ya mtaa, na kamati ikaligawia makanisa matatu ambayo hayakuwa na majengo.

Kila kanisa lilipoingia mara ya kwanza lilianza kwa kukemea mapepo. La kwanza liliyakemea mapepo ya wazungu. La pili likayakemea ya wazungu pamoja na yale yaliyoachwa na kanisa la kwanza. La tatu likayakemea yote kwa jumla. Baada ya hapo waliishi kwa amani, kwa sababu hawakuonana. Mmoja akitoka ndipo mwingine anaingia, na katikati yao tulikuwa sisi wawili, Mzee Makokha na mimi, tukihamisha mabenchi.

Sitawaandikia majina kamili ya makanisa hayo, kwa sababu wenyewe wapo na wanajua kusoma kuliko mimi. Nitayaita kama tulivyoyaita sisi tukiwa na ufagio. Walikuwepo Watu wa Jumamosi, ambao siku yao hawashiki kazi mpaka jua lizame. Walikuwepo Wakimya, ambao Jumapili asubuhi hukaa wakitazamana bila kusema neno, mpaka mmoja asukumwe na roho. Na walikuwepo Watu wa Ngoma, ambao huingia Jumapili mchana na kanzu nyeupe, bendera na ngoma tatu, huku viatu vyote vimebaki nje.

Kazi ilikuwa hapo. Watu wa Jumamosi wanataka mabenchi yaelekee mimbari, mstari ulionyooka kama wa mahindi. Wakimya wanataka yatazamane, nafasi wazi katikati. Watu wa Ngoma hawataki benchi lolote, ila moja la wakongwe, ukutani. Na kati ya Wakimya na Watu wa Ngoma tulikuwa na muda wa mtu kunywa chai moto bila kuipuliza.

Mzee Makokha ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa Matungu, mfupi, mwenye mabega ya mkata miwa, na alianza kazi jumbani kabla mimi sijazaliwa. Aliniita mwana wanje, yaani mwanangu, nami nikamwita Kuka, kama babu yangu. Alinipenda, nadhani, kwa sababu nilikuwa na haya. Mimi nikisimama mbele ya watu ulimi hujificha. Alisema kijana anayeongea sana huburuta mabenchi, kwa sababu akili yake iko mdomoni.

Na kuburuta ndiko kosa la kwanza. Vijana, benchi haliburutwi. Mkiwa wawili, mmoja ashike huku na mwingine kule, mnainua pamoja na kuweka pamoja. Mkiburuta mnakwaruza nta ya sakafuni, halafu mtapiga magoti wiki nzima mkiirudisha. Vumbi nalo msilifagie kavu, maana hupanda hewani likasubiri mtoke ndipo lishuke. Mwageni majani ya chai yaliyotumika, yakiwa na unyevu bado, kisha mfagie kuelekea mlangoni. Nta ya sakafu tulitengeneza wenyewe kwa vipande vya mishumaa na mafuta ya taa. Mzee alivua viatu mlangoni kila alipoingia, asiikwaruze nta yake, na alivaa kofia ya mviringo ya kushonwa kwa mkono, ambayo alinunua kwa Bwana Juma, jirani yetu fundi wa milango ya chuma. Bwana Juma ni Mwislamu aliyetoka Mumias, na kofia anauza pembeni. Mzee aliivaa kwa sababu ya vumbi la dari. Mkumbuke viatu hivyo na kofia hiyo, vitaleta maneno.

Kitu kingine alichonifundisha ni kujua ibada inaisha lini. Mhubiri akisema "na mwisho kabisa", una muda wa kusonga obusuma, ugali wetu, na kuula. Akisema kwa mara ya pili, osha sahani. Ila akishusha sauti na kuanza kushukuru waimbaji, hapo usimame mlangoni. Kwa Wakimya ni vigumu, hakuna sauti ya kushuka. Tazama kina mama. Mkono ukianza kutafuta mkoba chini ya benchi, roho imemaliza.

Kosa langu kubwa nililifanya kwa hao Wakimya, mwezi wangu wa kwanza. Mzee alikuwa amekwenda Matungu kupalilia, akaniachia Jumapili nzima. Nikasahau. Nikawapangia mabenchi yote yaelekee mimbari, kama ya Jumamosi. Wakaingia, wakatazama, wakakaa. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu ni kanisa la kutosema kitu. Nami nilikuwa nyuma nikifurahi jinsi ibada ilivyotulia. Waliposhikana mikono ya kumaliza, yule mama kiongozi wao, Mwalimu Truphena, mwalimu mstaafu (mstaafu wa kweli, mwenye mvi), alinipitia mlangoni akaniambia polepole:

"Leo tumeabudu visogo, kijana wangu. Cha Bwana Wekesa kinahitaji kinyozi."

Mzee aliporudi nikamsimulia, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa dawa yake. Usijifunze dini za watu, alisema, utachanganyikiwa. Jifunze magoti yao yanataka nini. Wa Jumamosi magoti yao yanataka benchi la mbele la kuegemea. Wakimya wanataka nafasi ya kunyoosha miguu. Wa Ngoma wanataka sakafu isiyoteleza. Mengine ni yao na Mungu.

Nasema haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana sasa nafika mahali alipokufa.

Alikufa siku ya Jumatatu, hospitalini, kwa kifua kilichomsumbua tangu masika. Mkewe, Mama Dorika, aliteremka kutoka Matungu, akalia na kumaliza, akaja kukaa kwenye ngazi za jumba karibu nami. Ni mama mnene, mwenye maneno machache, anayeyapanga kama mtu anayepanga kuni. Akaniambia shida yake. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, anayeitwa Wangara, alikuwa ameuliza swali moja tu: Makokha ni wa kanisa gani, waje wamzike?

Nadhani mnajua mambo yetu, lakini niwaandikie wale waliokulia mjini. Huku kwetu kanisa ndilo humzika mtu wake. Huja na kwaya, na mhubiri, na vijana wa kufukia. Mtu asiye na kanisa, watu huanza kuulizana ana nini. Wangara alikuwa amemwambia shemeji yake waziwazi, mbele ya jamaa:

"Hapa kwetu mtu asiye na kanisa anazikwanga jioni jua likizama, kando ya mpaka, bila wimbo. Kama aliyejinyonga. Mimi sikuitunga hiyo."

Kanisa la Mama Dorika mwenyewe lisingeweza kusaidia. Lilikuwa kanisa dogo la kijijini, na mchungaji wake alikuwa amehamia Lugari, akahama na mabati. Kwenye kuta zilizobaki wanalala kuku.

"Mume wangu hakujinyonga," Mama Dorika akasema. "Alikohoa. Nataka azikwe mchana, watu wakiona. Wewe ndiye ulikuwa naye siku zote. Enda uwaulize hao wenye makanisa ni wa nani."

Mimi nikaona mambo ni mepesi. Makanisa matatu yalimjua. Aliwafungulia mlango miaka yote. Shida ilikuwa ulimi wangu tu. Nikaosha uso, nikavaa shati la kola, nikaenda.

Nilianza kwa Mzee Elia, kiongozi wa Watu wa Jumamosi, ambaye ana duka la dawa za mifugo. Alisikitika sana. Alisema Makokha alikuwa mtu safi, na kwamba kanisa lingependa kumzika, lakini halimziki mtu wa kanisa lingine, huo ungekuwa wizi wa kondoo. Nikamuuliza kondoo huyo ni wa nani. Akashangaa kwamba sijui. Si alikuwa anavua viatu kila akiingia? Huyo ni mtu wa Ngoma, hata kipofu angejua.

Nikaenda kwa Watu wa Ngoma. Askofu wao anaishi nyuma ya soko na hutengeneza redio. Nilimkuta amevaa miwani ya kazi, na redio mbili zimefunguliwa tumbo. Naye akasikitika, akaondoa miwani kabisa. Lakini akatikisa kichwa. Viatu? Viatu alivua kwa sababu ya nta, alisema, yeye mwenyewe alimuuliza akajibiwa. Ila wakati wa ibada mzee hukaa nyuma, amefumba macho, hatikisiki. Ngoma tatu zinapigwa na mguu wake haujibu. Huyo ni Mkimya wa kuzaliwa. Kumletea ngoma kaburini kungekuwa kumsumbua.

Kumbe mzee alikuwa anasikiliza mchwa. Alinifundisha hata mimi: ngoma zikilia, mbao nzuri ya dari hujibu kwa sauti kavu, na iliyoliwa hujibu kama mtu mwenye mafua. Alikuwa akipima dari. Nilitaka kumweleza Askofu, lakini alikuwa amesharudisha miwani.

Nikaenda kwa Mwalimu Truphena. Huyu alinikaribisha ndani, akanipa chai, tukakaa. Nilimwambia. Akanyamaza, na kwa kuwa ni kanisa lake kunyamaza, sikujua kama anaomba au anafikiri. Mwishowe akasema kufumba macho kule hata yeye alikuona, lakini hakudanganyika, alijua ni mambo ya dari. Ila Jumamosi moja alikuwa amepita jumbani akamwomba marehemu aokote karatasi moja tu iliyopeperuka, akakataa. Akasema leo haokoti kitu mpaka jua lizame. Sasa huyo ni wa nani kama si wa Jumamosi?

Vijana, mzee hakuokota karatasi kwa sababu Mzee Elia alikuwa amemkataza kushika hata ufagio siku ya ibada yao. Lilikuwa sharti la kazi.

Basi nikawa nimezunguka mtaa mzima nikarudi nilikoanzia. Wa Jumamosi wanasema ni wa Ngoma, wa Ngoma wanasema ni Mkimya, Wakimya wanasema ni wa Jumamosi. Kila mmoja alikuwa na ushahidi, na kila ushahidi ulikuwa jambo la kazi yetu. Mtu amewatumikia wote vizuri kiasi kwamba kila mmoja anamwona ni wa jirani.

Nilimkuta Mama Dorika kwa Bwana Juma, yule fundi wa milango, ambaye alimpa kiti kivulini. Nikawaeleza. Mama Dorika hakulia. Aliuliza tu kama hakuna la nne. Bwana Juma aliweka chini jiwe lake la kusugulia chuma.

"Poleni," akasema. "Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri amelala. Hatuna nafasi ya mkutano. Hao wakikosa kabisa, nitakuja na wanangu wawili tumfukie jirani yetu. Mtu halali juu ya ardhi eti wenye kondoo hawajaelewana."

Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Sasa sikilizeni jinsi habari hutembea katika mtaa wenye makanisa mengi.

Jioni hiyo nilikwenda bombani kuteka maji. Kina mama watatu wa kwaya walikuwa kwenye foleni, mmoja wa kila kanisa. Wakaniuliza mzee anazikwa na nani. Mimi nikiulizwa na kina mama watatu kwa mpigo siwezi kutunga sentensi ndefu. Nikasema, "Bwana Juma amesema atamfukia." Nikajaza mtungi, nikaondoka. Nilisema ukweli mtupu.

Kabla ugali haujaiva, mtaa mzima ulijua kwamba Makokha wa Jumba la Ndugu alikuwa Mwislamu wa siri. Mambo yote yakaonekana wazi. Ile kofia. Kuvua viatu. Hata kunyamaza kwake kukapata maelezo. Mtu mmoja alikumbuka kwamba hakumwona kamwe akila nguruwe, na ni kweli mzee hakula, kwa sababu mtaani kwetu hakuna anayeuza.

Asubuhi nilipofungua jumba nilikuta watu watatu kwenye ngazi, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake. Mzee Elia, Askofu na Mwalimu Truphena. Tangu wapewe jumba lile hawakuwahi kusimama pamoja mlangoni pake. Mzee Elia akasema amefikiri usiku, na ameona kwamba mtu aliyeiheshimu Jumamosi kiasi kile ni wa Jumamosi, apende asipende. Askofu akasema viatu havivuliwi bure. Mwalimu Truphena akasema kimya kile hakikuwa cha mchwa peke yake.

Jana mzee alikuwa hana kanisa. Leo alikuwa na matatu, na kila moja linataka mazishi mazima, kwa utaratibu wake, bila mapepo ya wengine. Nikampelekea Mama Dorika habari njema, naye akashika kichwa. Alisema sasa ni mabaya zaidi. Jana Wangara angemzika jioni kwa aibu. Sasa watapigania jeneza mbele ya wakwe, na Wangara atamzika jioni kwa hasira.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sikukitegemea. Nilifungua mdomo. Niliwaambia wale watatu, nikitazama miguu yao, kwamba boma la Mzee kule Matungu ni kubwa kama jumba, na mabenchi nitayapanga mimi. Kila mtu atakuta mahali pake pameandaliwa kama kawaida. Akitoka mmoja ndipo ataingia mwingine. Hamtaonana.

Walikubali. Nadhani ni lile neno la mwisho lililowaridhisha.

Mazishi yalipangwa Jumamosi, kwa kuwa huku kwetu watu huzikwa Jumamosi, apende nani asipende nani. Kwa hiyo Watu wa Jumamosi niliwapa Ijumaa, mwili ulipowasili, mabenchi yakiwa yameelekea jeneza, mstari ulionyooka. Waliimba vizuri sana, wakamaliza jua bado liko juu ya miwa. Asubuhi, mimi na wajukuu wa mzee tukageuza mabenchi yatazamane, jeneza katikati, Wakimya wakaingia. Majirani wa Matungu hawakuwa wameona jambo hilo. Walikaa kimya nao, kwanza kwa adabu, halafu kwa hofu, wakidhani mhubiri amepotea njia. Mpaka bibi mmoja wa kijijini, ambaye hakuwa hata wa kanisa hilo, akasimama akasema Makokha alimjengea choo na hakuomba kitu, akakaa. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yote, na sijasikia bora.

Kisha tukaondoa mabenchi yote tukaacha moja la wakongwe. Watu wa Ngoma walikuwa wamengoja nyuma ya shamba la miwa, bendera zao zikionekana juu ya majani kama nguo zilizoanikwa. Wakaingia kwa mwendo wao. Jeneza likaenda kaburini kwa ngoma tatu, watu wakilia na kucheza, na Mama Dorika katikati akitembea kama mtu ambaye amepata alichokitaka. Ilikuwa mchana. Jua lilikuwa utosini. Jeneza likashushwa, Askofu akaomba, akasema amina.

Halafu hakuna kilichotokea.

Kaburi lilikuwa wazi na sisi tumesimama. Kwa desturi, kanisa hufukia mtu wake. Waliochimba alfajiri walikuwa wamekwenda kwenye kivuli cha nyuma ya jiko kula, wakijua kazi yao imeisha. Wakimya wakawatazama Watu wa Ngoma, kwa kuwa ibada ilikuwa yao. Watu wa Ngoma hawagusi udongo wa kaburi wakiwa na kanzu nyeupe, kwao ni mwiko, wakawatazama Watu wa Jumamosi. Mzee Elia alikuwa amekuja pia, amesimama pembeni na koti lake, na alikuwa amesema tangu asubuhi kwamba amekuja kusimama tu, si kufanya kazi, maana ni Sabato. Nilikuwa nimepanga kila kitu, viti, zamu, kuingia na kutoka. Kufukia sikumpa mtu, kwa sababu jumbani hatukuwa tukifukia.

Wangara, yule kaka, alitazama kaburi, akatazama jua. Nilimwona akihesabu. Tukingoja watu wamalize kula, tutafika jioni.

Ndipo Bwana Juma akatoka nyuma ya watu. Alikuwa amekuja na wanawe wawili na hakuna aliyekuwa amempa kiti. Alikunja suruali, akachukua sepetu.

"Nilisema mkikosa nitakuja," akasema. "Sikusema nitangoja kuitwa."

Akatupa udongo. Ulipogonga mbao nikachukua sepetu ya pili, maana kila kazi ya Kuka ilikuwa yetu sisi wawili, na mmoja wetu hayupo. Kisha nikasikia mtu anavua koti. Alikuwa Mzee Elia. Alisema, bila kumtazama mtu yeyote:

"Imeandikwa ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato atolewe. Kuhusu kumfukia mwenzako haikukatazwa."

Mwalimu Truphena akapiga magoti ukingoni, akasukuma udongo kwa mikono miwili, kimya. Askofu alisimama muda mrefu kidogo kuliko wengine. Mwishowe akavua kanzu yake nyeupe akamkabidhi mama mmoja wa kwaya, tukaona ndani amevaa jezi ya mpira yenye tundu begani, akaja akachukua sepetu ya mtoto wa Juma. Watu wakacheka, halafu vijana wote wakaingia. Sepetu hazikutosha. Kaburi likajaa haraka kuliko nilivyowahi kuona.

Wangara alimsogelea Mama Dorika. Alikuwa na haya, naijua haya nikiiona. Akamuuliza sasa yeye kama mkubwa wa boma atawaambia nini watu wakiuliza Makokha alizikwa na kanisa gani.

Mama Dorika akajipangusa mikono. "Waambie alizikwa mchana," akasema.

Tulikula kuku, ingokho tatu nzima kwa meza yetu, na makanisa yakala kwa zamu bila mimi kuyapanga. Jumapili iliyofuata yalirudi kama zamani, kila moja kwa saa yake, hayakuonana. Msidhani yalibadilika. Mzee Elia aliniambia nimwombee kwa lile jambo la sepetu, halafu akakumbuka hajui mimi huomba wapi.

Niliendelea peke yangu miaka kadhaa. Kisha wakubwa fulani wakaja kulipiga picha jumba, wakasema ni la kihistoria na lisichakazwe na watu wa sasa. Wakaweka kufuli. Makanisa yakapata mahema, mimi nikapata ustaafu. Sasa jumba limehifadhiwa vizuri sana. Dari inaliwa na mchwa kwa utulivu, hakuna ngoma ya kuwasumbua.

Vijana, sina mawaidha mengine, mkono umechoka. Nataka mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama huu, na karatasi mpeni yule aliyewaletea hii. Niambieni ni nani anafagia kwenu, na akifa atafukiwa na nani. Kama hamjui jibu, msikae kuandika bado. Nendeni kwanza mkamuulize, akiwa bado anainua upande wake wa benchi, halafu mshike kalamu.